Jiko Kuukuu Laweza Kufanywa Jipya kwa Mshahara Mdogo

Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, chumba kinachofanya kazi nyingi kuliko vingine vyote ndicho kinachokumbukwa mwisho. Sebule hupakwa rangi, viti vya sofa hununuliwa, redio na televisheni huwekwa mahali pa heshima. Lakini jiko, ambalo huamka kabla ya jua na kulala baada ya watoto, hubaki na kuta zake nyeusi, mafiga yake matatu, na mlango mmoja unaopitisha watu, kuku na moshi kwa pamoja. Askari arudipo kutoka zamu huletewa chakula, akala akashiba, asijue kilipikwa katika hali gani. Mke wake anajua, na macho yake mekundu ni ushahidi.

Wengi hudhani kwamba kutengeneza jiko upya ni shughuli ya wenye fedha: vigae vya kung'aa, makabati ya mbao, sinki la chuma na bomba la maji. Dhana hiyo imewafanya watu wasianze kabisa. Ukweli ni kwamba jiko kuukuu haliumizi watu kwa sababu ya sura yake. Linawaumiza kwa moshi, kwa giza, kwa maji machafu na kwa kuinama saa nyingi. Na mambo hayo manne huondolewa kwa udongo, majani, mikono na fedha kidogo tu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza na iende kwenye moshi. Sura itafuata.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imeliweka jambo hili wazi, maana neno jiko ni jina la chumba na pia ni jina la mahali pa moto. Mtu aliyepaka rangi chumba akaacha moto ule ule wa zamani bado hajatengeneza jiko. Ili kuepusha mkanganyiko, hapa chumba kitaitwa jiko na mahali pa moto pataitwa meko.

MOSHI UNAVYOUA POLEPOLE

Nchini Uganda zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au mkaa. Hata Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na ambako umeme wa maporomoko ya mto Nyagak umetumika tangu mwaka 2012, nyumba nyingi huwasha taa kwa umeme na kupika maharage kwa mkaa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na miongoni mwa vifo hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto waliokuwa hawajafikisha miaka 5. Chembe ndogo za masizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni huvuta hewa ile ile anayovuta mama yake, na nimonia humpata kwa urahisi. Mama mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kupuliza moto, huweza kupatwa na kikohozi kisichokwisha, maradhi ya moyo, na mtoto wa jicho.

Moshi hauji na kishindo kama risasi, na ndiyo maana watu huuzoea. Familia ikimpeleka mtoto mwenye kifua zahanati mara tatu kwa mwaka, hulaumu baridi au vumbi la kiangazi. Huenda vumbi lina lawama yake. Lakini meko yako ndani ya nyumba, na yanawashwa kila siku.

Mkaa nao una hatari ya namna nyingine. Sigiri yenye makaa mekundu haitoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Sigiri ikiingizwa katika chumba cha kulala, mlango na madirisha yakafungwa kwa ajili ya baridi ya mvua, waliolala wanaweza wasiamke. Hiyo ni kanuni isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: sigiri hailali ndani na watu.

KUPIMA KABLA YA KUBOMOA

Mtu asianze kwa nyundo. Aanze kwa kuketi jikoni siku moja, kimya, akaangalia kazi inavyokwenda. Mpishi anatembea hatua ngapi kutoka kwenye mtungi wa maji hadi kwenye meko? Unga uko wapi? Mwiko unatafutwa mara ngapi? Moshi unatokea wapi, na upepo unaingilia upande gani? Hayo yaandikwe kwenye karatasi, na ramani ya jiko ichorwe hata kwa mkaa juu ya ubao.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1926 msanifu majengo wa kike wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alipewa kazi ya kubuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alihesabu hatua za mpishi na dakika za kila kazi, akatazama hata jiko la behewa la kulia chakula katika gari moshi, ambamo watu wachache hupikia abiria wengi katika nafasi finyu. Jiko alilobuni lilikuwa na upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4, na majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Mkuu wa ujenzi wa mji huo wakati ule, Ernst May, baadaye alihamia Afrika Mashariki, na kati ya mwaka 1945 na 1947 alichora mpango wa kuupanua mji wa Kampala.

Funzo la jiko lile ni kwamba udogo wa chumba si ugonjwa. Ugonjwa ni vitu kukaa mbali na kazi yake. Maji, mahali pa kukatia mboga, na meko vikiwa karibu karibu kama mafiga, mpishi huokoa hatua nyingi kila siku bila kununua kitu. Wapo ambao kwa kuhamisha mtungi na meza tu wamepata jiko jingine.

MEKO YA UDONGO YENYE DOHANI

Mafiga matatu yana sifa zake. Hayagharimu kitu, hubeba chungu cha ukubwa wowote, na hutoa mwanga. Lakini moto wake umekaa wazi pande zote. Joto jingi hupotea hewani, na kuni hula fedha. Eneo la West Nile limekwisha kupoteza miti mingi kwa matofali ya kuchoma, kwa kukaushia tumbaku na kwa mkaa, na limepokea pia mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini ambao nao wanahitaji kupika. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, West Nile ikiwamo. Nyumba inayotumia kuni kidogo inajiokoa yenyewe, tena inamwokoa na binti anayetumwa mbali kuzitafuta.

Dawa iliyothibitika ni meko ya udongo yaliyozibwa, yenye dohani. Asili yake ni ndoa ya mawazo mawili. La kwanza lilitoka Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, ambako watu walijenga meko ya udongo na mchanga yaliyoitwa Lorena, jina lililounganishwa kutokana na maneno ya Kihispania ya matope na mchanga. La pili ni la Larry Winiarski wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1980 alionyesha kwamba moto ukiwekwa ndani ya mfereji mfupi ulioinuka, wenye kuta zinazotunza joto, kuni huungua karibu kabisa na moshi hupungua sana. Nchini Uganda Wizara ya Nishati, kwa msaada wa Ujerumani, iliyaeneza meko yanayounganisha mawazo hayo, na mafundi wa vijijini wakayazoea kwa sababu vifaa vyake viko miguuni pao.

Vifaa hivyo ni udongo wa kichuguu, majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi au vumbi la mbao, maji, na vipande vya mgomba. Kichuguu kinafaa kuliko udongo wa kawaida kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchuja na kuushikanisha. Hupondwa, mawe na mizizi huondolewa, kisha huchanganywa na majani kwa kadiri ya sehemu mbili za udongo kwa moja ya majani. Mchanganyiko hukanyagwa kwa miguu hadi uwe laini, ukafunikwa na kuachwa siku chache uive. Majani yatakapoungua baadaye yataacha vitundu vidogo ndani ya udongo, na vitundu hivyo ndivyo vitakavyozuia joto lisipotee.

Kazi ya ujenzi huenda hivi. Kwanza hujengwa msingi wa matofali au mawe, wenye kimo kinachomwezesha mpishi kusimama au kuketi bila kuvunjika mgongo. Juu yake husimamishwa vipande vya mgomba: kimoja mahali pa chungu kikubwa, kimoja mahali pa sufuria ndogo, na cha tatu mahali pa dohani. Vipande vingine hulazwa chini kuviunganisha, na kimoja hutokeza mbele kuwa mlango wa kuni. Udongo hupigwa kwa ngumi kuzunguka vipande hivyo, tabaka juu ya tabaka, pasibaki hewa katikati. Vyungu vyenyewe vya nyumba huzungushwa juu ya udongo mbichi ili kila kimoja kijichongee kiti chake.

Baada ya siku chache, udongo ukiisha kushika, mgomba hutolewa na njia ya moto hubaki wazi. Kati ya chungu na ukuta wake paachwe nafasi ya upana wa kidole kimoja tu: ikizidi, joto hukimbia, ikipungua, moshi hurudi mlangoni. Katika mlango wa kuni huwekwa kipande cha tofali au bati gumu kama rafu. Kuni hukaa juu ya rafu, na hewa hupita chini yake. Hilo ni jambo dogo ambalo wengi hulisahau, kisha hulalamika kwamba meko hayawaki.

Dohani hupitishwa katika ukuta na kupandishwa nje mpaka juu ya ukingo wa paa. Katika nyumba ya nyasi, kamwe dohani lisipite ndani ya nyasi, na mdomo wake uwe mbali nazo, kwa maana cheche moja wakati wa kiangazi hutosha kuteketeza boma zima. Masizi yaondolewe kwa fimbo yenye kitambaa angalau mara moja kwa mwezi.

Meko hayo huachwa yakauke kwa kivuli muda wa wiki mbili au tatu, na zaidi kama kuna mvua. Nyufa ndogo huzibwa kwa udongo ule ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika kazi hii msemo huo ni maagizo ya fundi. Moto wa kwanza uwe mdogo. Moshi ukirudi ndani, sababu huwa moja kati ya tatu: dohani ni fupi, nafasi ya chungu ni finyu, au kuni ni mbichi. Kuni mbichi zitashinda meko ya namna yoyote. Basi zipasuliwe nyembamba na kuanikwa mapema.

Faida nyingine inawahusu hasa watu wa nchi hii. Ugali wa muhogo na mtama, ambao Walugbara huuita enyasa, husongwa kwa nguvu, na sufuria juu ya mafiga huyumba mpaka mtu mwingine aitwe kuishika. Meko ya udongo ni mazito, na chungu hukaa ndani yake. Msongaji hasukumani tena na moto, wala mtoto apitaye karibu hamwagikiwi na maji ya kuchemka.

HOJA YA WAZEE KUHUSU NYASI

Si haki kuwabeza wazee wanaosema kwamba moshi una kazi. Katika maboma mengi ya Walugbara na Wakakwa, jiko ni kibanda cha mviringo kilichoezekwa kwa nyasi, na moshi unaopanda kila siku hufukuza mchwa na wadudu wasile nyasi na fito. Mbegu zilizotundikwa juu ya meko nazo huhifadhika. Anayeondoa moshi bila kufikiri atashangaa paa lake linaanza kuoza, na mbegu zake zinatobolewa.

Basi afanye mambo mawili. Mbegu azikaushe sana juani, azichanganye na jivu safi lililochekechwa, azitie katika dumu lililojazwa hadi mdomoni na kufungwa vizuri ili wadudu wakose hewa. Dumu liwe lililokuwa na mafuta ya kula au maji. Dumu la dawa ya wadudu halifai kwa chakula hata likioshwa mara kumi. Kuhusu paa, ajue kwamba nyasi zitahitaji kukaguliwa na kubadilishwa mapema zaidi kuliko zamani, na aanze kuweka akiba ya mabati, bati moja moja. Paa la nyasi lililooza lina bei yake, lakini pafu la mtoto haliezekwi upya.

MWANGA, UKUTA, SAKAFU NA MAJI

Moshi ukiisha kupata njia, sura ya jiko hubadilika kwa kazi ndogo. Dirisha la kwanza lifunguliwe upande upepo unakotoka, na tundu jingine juu ya ukuta wa upande wa pili, ili hewa ipite. Waya wa nyavu huzuia nzi na panya. Katika paa la mabati, bati moja la kupitisha mwanga likitiwa mahali pa kazi huondoa giza la mchana wote.

Kuta zenye masizi husuguliwa kwa ufagio mkavu, mpigaji akiwa amefunga kitambaa puani, kisha huoshwa. Ukuta wa udongo hukandikwa mara mbili: mara ya kwanza kwa udongo wenye majani, mara ya pili kwa udongo laini uliochekechwa pamoja na mchanga. Akina mama wa West Nile wanaijua kazi hii kuliko fundi yeyote wa kukodi. Ukikauka hupakwa chokaa mara mbili au tatu. Chokaa ni rahisi kuliko rangi ya dukani, huongeza mwanga, na uchafu huonekana mapema.

Saruji itumiwe kwa akili. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga mara tatu yake, hutosha sakafu ya mita za mraba kama 4 kwa unene wa sentimita 2.5. Kwa hiyo mwenye mfuko mmoja asiutawanye jiko zima ukawa utando unaobanduka baada ya mwaka. Autie mahali maji yanapomwagika: chini ya mtungi, pa kuoshea vyombo, na mbele ya meko. Mahali pengine sakafu ya udongo wa kichuguu na mchanga, iliyoshindiliwa sana na kupakwa samadi ya ng'ombe, hutosha. Saruji mpya inyunyiziwe maji kwa siku saba, kwa sababu ikikauka haraka hupasuka.

Vyombo visikae sakafuni. Rafu mbili za mbao za masanduku, moja usawa wa kiuno na nyingine usawa wa macho, hubeba vyombo vya nyumba ya watu sita. Nje kuwe na kichanja cha fito, kilichoinuliwa juu ya kimo cha mbwa na kuku, ili sufuria na sahani zikauke juani. Maji ya kunywa yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu au yatoke kwa bomba dogo. Karibu na mlango dumu dogo lililotobolewa litundikwe kwa kamba ya kukanyagia, pamoja na sabuni, kwa kunawa mikono. Maji machafu yaelekezwe kwenye shimo lenye kina cha mita moja lililojazwa mawe. Kamwe yasiachwe kutengeneza dimbwi la mbu.

Mwisho, usalama. Ndoo ya mchanga ikae karibu na mlango. Mafuta ya kupikia yakiwaka, sufuria ifunikwe; yasimwagiwe maji hata kidogo, kwani maji hutawanya moto. Mafuta ya taa yasiwekwe jikoni.

WANAOKAA KAMBINI

Ushauri huu wote unamfaa mwenye nyumba yake. Je, askari anayeishi kambini au katika chumba cha kukodi? Kuna vijumba vya bati vya polisi ambavyo watu wamevipa jina la Mama Ingia Pole, kwa kuwa havina nafasi ya kuingilia kwa haraka. Humo hapajengwi meko ya udongo, na nyumba ya serikali haitobolewi ukuta bila ruhusa ya mkuu wa kambi. Kadhalika, nyumba nyingine za zamani zimeezekwa kwa asbesto. Bati la namna hiyo lisikatwe, lisitobolewe wala lisisuguliwe, maana vumbi lake huleta saratani.

Familia za kambini zitafute vitu vinavyohamishika. Cha kwanza ni sigiri yenye kauri ndani. Sigiri ya namna hiyo ilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, baada ya mafundi kuiga ndoo ya kupikia ya Thailand, na sasa hutengenezwa pia Uganda. Kauri hutunza joto, mkaa hupungua, na ukuta wa nje hauunguzi sana mkono wa mtoto. Ipikiwe barazani au chini ya kibanda cha pamoja kisicho na kuta, ambacho familia nne au tano zaweza kukijenga kwa siku moja kwa ruhusa ya wakubwa. Jifya moja haliinjiki chungu.

Cha pili ni kikapu cha kutunza joto. Kikapu kikubwa hujazwa majani makavu ya mgomba au matambara safi, huku katikati pakiachwa nafasi ya sufuria. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa kwa nguvu kwa muda wa dakika 30, sufuria ikafunikwa vizuri, ikatiwa kikapuni na kufunikwa kwa mto wa majani. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yamelainika bila mkaa mwingine. Yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa. Kile kipindi cha kuchemsha kisifupishwe, kwa sababu maharage yasiyochemka sawasawa hudhuru tumbo.

Cha tatu ni kabati lenye miguu, lililotengenezwa kwa mbao za masanduku, ambalo siku ya uhamisho hupakiwa pamoja na vitanda. Askari huhamishwa mara nyingi. Kitu kinachoweza kupanda lori ni akiba. Kilichojengwa ukutani hubaki kuwa zawadi kwa anayefuata.

KUPANGA FEDHA KWA MIEZI

Katika West Nile miezi ya ukavu ni Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya kazi ya udongo. Lakini Desemba ina gharama za sikukuu, na mwanzo wa mwaka una karo za shule. Kwa bahati njema, hatua za mwanzo hazidai fedha.

Mwezi wa kwanza uwe wa kupima, kuhamisha vitu, kukusanya kichuguu na majani, na kufungua dirisha. Mwezi wa pili, kujenga meko na kuyaacha yakauke. Mwezi wa tatu, kukandika na kupaka chokaa. Mwezi wa nne, mvua zikianza, mafundi wa familia waingie ndani kutengeneza rafu. Vitu vya kununua ni vichache: chokaa, mfuko mmoja wa saruji, misumari, waya wa nyavu, na bati moja la mwanga. Kila mwezi kinunuliwe kimoja. Vifaa hivyo hupatikana kwa urahisi katika miji iliyo kando ya barabara ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Bei na iulizwe katika maduka matatu kabla ya kulipa. Haba na haba hujaza kibaba, na deni la duka halijazi kitu.

Tangu Machi 2007 askari wengi wa Uganda wamehudumu Somalia, na posho za kazi hiyo zimejenga nyumba nyingi nzuri. Ingefaa mwenye kupata posho ya namna hiyo amwulize mke wake jambo moja kabla ya kuagiza viti: je, moshi unatoka wapi? Jibu litamwonyesha pa kuanzia.

KAZI HII NI YA NANI

Bado wapo wanaume wanaoona aibu kuonekana jikoni. Lakini kuchimba udongo, kushindilia sakafu, kuinua matofali na kupiga misumari ni kazi ambazo askari amefundishwa kuzifanya vizuri, na hakuna sare inayochafuka kwa kuzifanya nyumbani siku ya mapumziko. Mwanamume alete nguvu na vifaa. Mwanamke, aliye mtumiaji wa kila siku, ndiye aamue kimo cha meko, upande wa dirisha na mahali pa rafu. Watoto wakanyage udongo, kwa kuwa ni kazi wanayoipenda. Meko yaliyojengwa bila kumwuliza mpishi huishia kuwa kiota cha kuku, na mafiga hurudi mahali pake.

Kazi ikiisha, yafaa kupima matokeo kama inavyofanyika katika kazi yoyote ya utaratibu. Zihesabiwe siku ambazo mzigo mmoja wa kuni unadumu sasa, zilinganishwe na zamani. Iangaliwe chokaa juu ya meko baada ya mwezi: ikiwa ingali nyeupe, dohani linafanya kazi, ikiwa imeanza kuwa nyeusi, pana ufa wa kuzibwa au masizi ya kuondolewa. Na usiku, watoto wanapolala, wazazi wasikilize kama kikohozi kimepungua. Kisipopungua, mtoto apelekwe zahanati bila kukawia, kwa maana jiko zuri huzuia maradhi mengi lakini halichukui nafasi ya mganga.

Chumba cha kwanza kutengenezwa katika nyumba kiwe kile kinacholisha wengine wote. Fedha ikiongezeka siku za mbele, vigae na makabati vitakaribishwa, navyo vitakuta ukuta mweupe, moto uliotulia, na mpishi ambaye haitaji kufuta machozi kabla ya kuwapokea wageni.